Jumatatu Kabla ya Majivu



Wako waamini wanaodhani kwamba padre hana mapumziko ya mwisho wa juma. Anayo, ila kalenda yake imepinduka. Huanza Jumapili alasiri, baada ya Misa ya pili, ubatizo wa watoto, kikao cha kamati tendaji na mgonjwa mmoja au wawili wa kupelekewa Komunyo, na humalizika Jumanne jioni. Katika muda huo mfupi wengi wetu hulala. Mwaka 2024, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, tarehe 11 Februari, sisi watu sita hatukulala. Tuliteremka baharini.

Wawili tulikuwa mapadre: mimi, na mwenzangu tuliyesoma naye seminari, ambaye alikuwa amekuja kunitembelea kutoka jimbo la bara. Alikuwepo mwalimu wa sekondari, mama mcheshi anayefundisha jiografia. Muuguzi, ambaye ni mwanakwaya wetu wa sauti ya pili. Na dereva, kijana Mwislamu wa Mombo aliyeibeba kwaya yetu katika safari nyingi hata nyimbo za Noeli anazijua kutuzidi. Wa sita alikuwa Katekista. Sitamtaja jina, ingawa hapa parokiani hakuna asiyemjua. Ameyasoma maandishi haya kabla yenu, akafuta mistari miwili, na iliyobaki ameiruhusu.

Wazo lilikuwa la mwalimu. Kwa miaka mingi amewafundisha wanafunzi wake habari za Maziwe, kisiwa kidogo kilicho baharini mbele ya Pangani, ambacho maji yakipwa huonekana na maji yakijaa hutoweka, naye mwenyewe hakuwahi kukikanyaga. Mwenzangu padre alitaka kuogelea. Muuguzi alitaka samaki wa kukaanga. Mimi nilitaka kukaa mahali ambapo simu haishiki. Katekista hakuna aliyemtazamia. Jumamosi, akiwa anachoma matawi makavu ya mwaka uliotangulia ili kupata majivu, aliniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye moto: "Baba, gari lina nafasi ngapi?" Nikamwambia, pamoja na dereva, sita. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi mimi ni wa sita."

Alikuwa na umri wa miaka 63 na hakuwahi kufika ufukweni. Haikuwa kwa kukosa nauli. Mwanawe wa pili alishuka pwani akiwa kijana wa miaka 19 ili kuvua dagaa, na mwezi wa Julai mwaka 2012, kusi likivuma kwa nguvu, chombo alichokuwamo hakikurudi. Wengine waliokuwa naye walionekana. Yeye hakuonekana, si hai wala maiti. Nyumbani waliweka matanga bila mwili. Baba alikubali kwamba mwanawe amekufa. Mama hakukubali, na hakuna aliyemlaumu. Kwetu milimani kaburi liko jirani na nyumba. Mtu hulipita akienda shambani, hulipalilia, huwaonyesha wajukuu. Palipo na msiba usio na kaburi, hata maneno ya faraja hukosa pa kukaa. Tangu siku ile Katekista hakutaka kusikia habari za bahari, isipokuwa aliposoma Injili, na hapo pia, niseme ukweli, alikuwa akisoma haraka.

Tuliondoka Lushoto saa tisa alasiri. Barabara ile ya kona, kilomita zipatazo 33 hadi Mombo, mnaijua ninyi nyote, na mnajua jinsi masikio yanavyoziba mtu ashukapo kutoka kwenye mita kama 1,400 hadi kwenye joto la bonde. Pale Soni tulisimama kununua matunda ya kula njiani. Mto unaoanguka kwenye maporomoko yale hushuka hadi Mombo, huingia Mkomazi, na Mkomazi huingia katika mto Pangani kabla ya Korogwe. Mwalimu alitueleza hayo kwa mikono yote miwili, kana kwamba tulikuwa kidato cha pili. Kisha akatutajia mabwawa na mitambo yote ambayo mto huo hupitia kutoka Kilimanjaro na Meru: Nyumba ya Mungu, Hale, Pangani Falls. Mwenzangu padre akauliza kama kweli kuna bwawa liitwalo Nyumba ya Mungu, na alipohakikishiwa akasema kwamba jina hilo laweza kumtosha mahubiri matatu.

Tulipita Korogwe, Segera, Muheza penye machungwa, kisha tukashika barabara ya vumbi kuelekea Pangani, mkonge huku na huku. Ni huko Pangani, mahali paitwapo Kikogwe, ambako Mjerumani Richard Hindorf aliotesha mkonge wa kwanza mwaka 1893. Inasimuliwa kwamba kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Nchi nzima ya Tanga ilibadilishwa na miche hiyo 62: mashamba, reli, makabila yaliyoletwa kutoka mbali kufanya kazi, na hata parokia zetu kadhaa, ambazo zisingekuwapo bila kambi za manamba.

Pangani tuliingia jua likizama. Mbele ya ofisi za serikali bendera zilikuwa nusu mlingoti, kwa kuwa taifa lilikuwa katika maombolezo ya Edward Lowassa, aliyefariki siku moja kabla, tarehe 10. Mji ule una uzito wake. Humo ndimo Bushiri bin Salim aliyewapinga Wajerumani alimonyongwa tarehe 15 Desemba 1889, na kabla yake walipita humo watumwa wasiohesabika. Karne hiyohiyo, wakati wa Kimweri ye Nyumbai, mamlaka ya Vugha yalifika mpaka huku pwani. Kwa hiyo mtu wa milimani hafiki Pangani kama mgeni kamili. Lakini Katekista hakuwa akisikiliza historia. Alikwenda moja kwa moja ukingoni mwa mto, pale unapokutana na bahari, akasimama akiyatazama maji. Yalikuwa ya rangi ya udongo.

"Baba," akaniambia, "hili ni shamba langu."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Baba yake mzazi alikuwa miongoni mwa wakulima waliokataa matuta ya kulazimishwa ya serikali ya kikoloni, mpango ule ulioanzia Mlalo mwaka 1946 na ambao watu waliupinga mpaka ukaachwa. Yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, alijenga matuta kwa hiari yake, kwa mikono yake, kwa kuwa aliona mvua inavyoushusha udongo wa mteremko. Sasa aliona unakoishia. Wazee wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili waliyompimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Katekista aliyatamka yote mawili pale ukingoni, taratibu, kisha akasema kwamba udongo wake ulimtangulia kufika huku. Hakusema kwamba na mwanawe alimtangulia. Hakuna kati yetu aliyehitaji kuambiwa.

Usiku ule mwezi ulikuwa mchanga, umeandama siku moja au mbili tu. Nahodha tuliyepatana naye alituambia kwamba ni bamvua: maji yatapwa sana saa nne asubuhi na kujaa sana saa kumi alasiri. "Tuondoke saa mbili," alisema, "na saa sita na nusu nataka kila mtu awe chomboni. Kisiwa hakimsubiri mtu." Alikuwa mtu wa makamo, mkavu wa maneno, na chombo chake kilikuwa mashua ya mbao yenye mashine nyuma. Mlingoti na tanga vilikuwamo pia, vimefungwa kwa kamba upande mmoja. Muuguzi aliuliza makoti ya kuokolea yako wapi, akayahesabu moja moja, akavuta kila mkanda. Sikuwahi kumwona akiwa makini hivyo kanisani.

Jumatatu asubuhi bahari ilikuwa imelala kama kitambaa. Katekista alivaa sweta lake la Lushoto na juu yake koti la kuokolea, akaketi katikati kabisa ya mashua, mikono imeshika mbao pande zote mbili. Ili kumtoa katika hofu, mwalimu alimwomba atufundishe kitu, naye, kwa mazoea ya miaka 30 ya kufundisha, akaanza. Alichagua sura ya 21 ya Ufunuo, ambapo Yohane aona mbingu mpya na nchi mpya, na bahari haipo tena. Alieleza kwamba kwa Wayahudi wa kale bahari ilikuwa alama ya vurugu na kifo, hivyo ni habari njema kwamba haitakuwapo. Nahodha alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye mashine, kisha akauliza kwa adabu kubwa: "Sasa, mzee wangu, sisi huko tutakula nini?"

Tulicheka sana, na Katekista pia alicheka. Nimelifikiria swali lile mara nyingi tangu hapo. Mtume Yohane alipewa maono hayo akiwa uhamishoni Patmo, kisiwani, ambako bahari ilikuwa ndiyo ukuta wa gereza lake. Petro na Andrea, waliokuwa wakila kutokana na maji, huenda wangeomba maono mengine. Maandiko Matakatifu yanabeba sauti za watu wa nchi kavu na sauti za wavuvi kwa pamoja, na si vema kuiharakisha mojawapo inyamaze.

Maziwe tulifika saa tatu. Ni fungu la mchanga mweupe, basi. Hapana mti, hapana jani. Mwalimu alituambia kwamba hapo zamani kulikuwa na mivinje na vichaka, na kwamba fukwe zake zilihesabiwa kuwa mahali pakuu kuliko pote Tanzania kwa kasa kutaga mayai, kasa wa aina tatu. Kisiwa kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Lakini miti ilitoweka na mchanga ukaliwa, hata ilipofika miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kikifunikwa na maji. Wengine huwalaumu waliokata miti, wengine huulaumu mwendo wa bahari yenyewe. Kasa hawakuambiwa. Wameendelea kupanda na kutaga pale pale walipozaliwa, na watu wa Ushongo, kijiji kilicho upande wa bara, wamekuwa wakiyachukua mayai hayo na kuyafukia upya kwenye ufuko wao, mahali ambapo bahari haitayaozesha. Habari hiyo ilimgusa mwenzangu padre kuliko matumbawe yote aliyoyaona chini ya maji siku ile, na aliona mengi, kwa kuwa aliogelea mpaka mgongo ukambabuka.

Katekista alitembea peke yake hadi ncha ya mbali ya mchanga. Alikuwa na kijimkebe cha bati mfukoni, na sote tulijua kilikuwa na nini, ingawa hatukuwa tumeambiwa: udongo wa nyumbani kwake. Alisimama kule kwa muda mrefu. Aliporudi mkebe ulikuwa bado umejaa. "Hapa hapafai," aliniambia. "Hapa hata kisiwa chenyewe hakina mahali pa kukaa."

Saa sita na nusu tulikuwa chomboni, kama tulivyoagizwa. Mashine ilikataa kuwaka.

Nahodha alivuta kamba mara kumi, mara ishirini. Alifungua plagi, akaisafisha, akaipuliza, akairudisha. Kijana wake alishika nanga. Ule mchanga tuliokuwa tukiutembea asubuhi kama uwanja wa mpira ulikuwa umebaki kama ua wa nyumba, kisha kama mkeka. Tulikuwa tukiuangalia huku tukijifanya hatuuangalii. Kaskazi nalo lilikuwa limeanza kuvuma kwa nguvu, na kile kitambaa cha asubuhi kilikuwa kimechanika kila mahali kwa mawimbi meupe. Simu hazikushika. Nilikuwa nimeutamani ukimya huo, na nikaupata kwa kipimo kamili.

Kati ya mambo yote, lililonijia kichwani ni majivu. Yalikuwa kwenye bakuli ndani ya sakristia, na ufunguo wa sakristia ulikuwa mfukoni mwa Katekista, pamoja nasi, baharini. Jumatano saa 12 asubuhi watu wangejaa kanisani, na padre hayupo, katekista hayupo, majivu yamefungiwa. Nilipomnong'oneza jambo hilo, Katekista alinitazama kwa utulivu ambao sikuutazamia, akasema: "Baba, tukizama leo, watakuwa wamekumbushwa kuwa ni mavumbi bila kupakwa."

Nahodha aliiacha mashine. Alisema maneno machache kwa kijana wake, wakaufungua mlingoti, wakausimamisha, wakafunga tanga kwenye foromali. Alitueleza kwamba Pangani haiwezekani, kwa kuwa upepo unatoka hukohuko. Tutakwenda Ushongo, upepo ukiwa ubavuni. Kisha akampangia kila mmoja mahali pa kukaa kwa uzito wake, jambo lililomfedhehesha mwalimu kidogo, na akampa Katekista kopo. "Mzee wangu, wewe fua maji. Usitazame nje. Tazama kopo."

Mnamfahamu Katekista wetu kama mtu wa kazi. Alifua maji. Kila wimbi lililoruka ubavuni aliliteka na kulirudisha lilikotoka. Muuguzi alitapika, akajifuta, akaanza kuimba Salamu Malkia kwa sauti ya pili, na kwa kuwa hapakuwa na mwenye sauti ya kwanza, dereva wetu wa Mombo aliishika yeye. Nahodha hakuimba. Nilimwona akisogeza midomo, na baadaye aliniambia kwamba alikuwa akisoma dua ya Nabii Yunus tumboni mwa samaki, ambaye sisi twamwita Yona. Nadhani ni mara chache mtu huyo ameombewa msaada na dini mbili katika mashua moja.

Tukiwa katikati ya mwendo, Katekista aliuliza, bila kuacha kufua na bila kuinua macho: "Nahodha, mtu akizama huku, maji humpeleka wapi?"

Wimbo ulikoma. Nahodha alishika usukani, akaitazama demani, akalisubiri wimbi lipite.

"Mwezi gani, mzee wangu?"

"Wa saba."

"Kusi, basi. Na mkondo wa huku huenda kaskazini siku zote. Wakati wa kusi ndio huenda mbio." Akanyamaza. "Ni nani wako?"

"Mtoto."

Nahodha hakusema pole. Alisema, "Tukifika tutazungumza," akarudisha macho yake baharini. Katekista akaendelea kufua maji.

Ushongo tulifika saa tisa na nusu, tumelowa, na muuguzi alipiga magoti mchangani kwa ibada ambayo haimo katika kitabu cho chote. Nilipogeuka kutazama nyuma, Maziwe haikuwapo. Ilikuwa bahari tupu tu, na mahali fulani katikati yake mawimbi yalivunjika bila sababu inayoonekana.

Usiku, baada ya samaki na ugali, nahodha alikuja tulipokaa. Alimsalimia Katekista kwa shikamoo upya, ingawa walikuwa wameshinda pamoja, akaketi karibu naye. Alizungumza polepole. Alisema mwaka ule yeye hakuwa upande huu, hivyo hana habari ya kijana wetu, na hatamdanganya mzazi. Lakini alitaka ajue desturi. Katika vijiji vyao, bahari ikimrudisha mtu, hawaulizi kwanza ni wa wapi wala ni wa dini gani. Hutoa habari serikalini. Na ikiwa hakuna anayemtambua, na mara nyingi hakuna awezaye kumtambua tena, humkosha kadiri mwili unavyoruhusu, humvika sanda, humswalia na kumzika makaburini pamoja na watu wao. Yeye mwenyewe amechimba kaburi la namna hiyo mara mbili. Huwekwa jiwe, lisilo na jina. Watoto hukatazwa kucheza hapo kama wanavyokatazwa kwenye makaburi ya babu zao.

Katekista aliuliza swali moja tu: "Mkimwombea, mnamwita nani?"

"Mja wa Mungu," nahodha alijibu. "Si ndivyo alivyo?"

Sikuwa nimewahi kumwona Katekista akilia, hata siku ya matanga mwaka 2012, ambapo yeye ndiye aliyeongoza rozari. Usiku ule alilia, na nahodha alikaa naye, na sisi wengine tulikwenda kuangalia nyota. Ni ajabu ya lugha yetu kwamba matanga ni ya chombo na matanga ni ya msiba. Nilikuwa nimelitamka neno hilo maisha yangu yote bila kusikia sauti zake mbili.

Baadaye mwalimu aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebatizwa akizikwa kwa ibada ya wengine sala hiyo "inahesabika". Ni swali ambalo wengi wenu mngeliuliza. Nilimjibu kwa habari za Tobiti, yule mzee wa Ninawi aliyeacha chakula mezani ili kwenda kumzika maiti aliyetupwa sokoni, naye kwa kazi hiyo alikwisha kunyang'anywa mali na kufukuzwa. Kanisa limeweka kuzika wafu katika matendo saba ya huruma ya kimwili, na halikuandika kwamba tendo ni huruma likifanywa na Mkatoliki peke yake. Sala ya Kanisa kwa ajili ya kijana yule haikukoma tangu siku ya kwanza. Misa imetolewa kwa ajili yake, nayo haikuhitaji kumwona. Tulichokosa sisi ni mikono. Hatukuwapo kumkosha wala kumfunika. Ikiwa kuna mtu aliyekuwapo, akafanya hayo bila kujua hata jina, basi alifanya kwa niaba yetu, na sioni ni kwa hoja gani ningemrudishia. Mwalimu alifikiri, akasema kwamba kama ni yeye angependa pia padre awepo. Nami ningependa. Tuliliacha hapo.

Jumanne alfajiri tuliadhimisha Misa katika ua wa familia moja ya Wakatoliki, watu wa bara ambao babu yao aliletwa na mkonge. Altare ilikuwa meza ya chakula. Niliposoma jina la kijana yule katika sala kwa ajili ya marehemu, Katekista aliitikia kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Baada ya baraka alikwenda na nahodha hadi makaburini mwa kijiji. Hawakukaa sana. Aliporudi mkebe ulikuwa mtupu, na sikumwuliza ni kwenye kaburi lipi. Hakuna kaburi lililojulikana kuwa la mwanawe. Naye alilijua hilo kuliko mimi.

Fundi alikuwa amekwisha kuitengeneza mashine. Tulirudi Pangani bahari ikiwa shwari, na nahodha alikataa nyongeza ya fedha ila akapokea kikapu cha matunda ya Soni kilichokuwa kimebaki garini, akinusa kila tunda. Lushoto tuliingia saa tatu usiku, katika ukungu, na Katekista alivaa tena sweta lake, ambalo lilikuwa limekauka likiwa na chumvi nyeupe mabegani.

Jumatano ile, ambayo wanafunzi wa sekondari waliifurahia kwa kuwa iliangukia tarehe 14 Februari, majivu yalipatikana kwa wakati. Baada ya Misa Katekista aliniletea kitabu cha nia ili niandike nia ya mwaka unaofuata, Jumatatu kabla ya Majivu. Nilianza kuandika jina la mwanawe. Akauzuia mkono wangu, akaniomba niandike: kwa ajili ya wanaozika wageni huko pwani, wazima na waliofariki.

Hiyo ndiyo nia ambayo baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza. Misa huwa saa 12:30 asubuhi. Mara ya kwanza Katekista alikuja peke yake. Mara iliyofuata mkewe alikuja pia, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango, akiwa amejifunga khanga mpya. Wakati wa sala za waamini aliniletea kikaratasi altareni, kimekunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na jina la mwanawe, limeandikwa kwa herufi kubwa, na mbele yake, kwa mara ya kwanza, neno "marehemu".